Kijiko Nilichompokonya Sitti

Safari nzima ilinigharimu jozi moja ya viatu vya mpira na kilo mbili za unga wa mahindi, na nusura inigharimu Desemba yangu. Hela ya ndege na nyumba ilikuwa ya bosi, hiyo msiniulize. Lakini tangu nirudi Webuye mmeuliza mengine yote. Nanjala anataka kujua Wazungu wa huko wanakula nini. Mama Kevo anataka kujua kama ni kweli nilimsukuma ajuza wa Kiarabu kwenye wilbaro. Rodah, ambaye haachi kitu kipite, anauliza kwa nini simu yangu inalia kila jioni na siipokei. Nimeona niandike mara moja, maana kila nikisimulia chai inaisha na sukari ni yangu.

Mambo ya viza na foleni nitayaruka.

Riyadh: makubaliano ya jikoni

Kazi yangu Riyadh ilikuwa kumtunza mama yake bosi. Tulimwita Sitti, yaani bibi. Alikuwa mtu wa Jeddah, wa mtaa wa Ruwais, binti wa mvuvi. Mumewe alipofariki nyumba yao ikauzwa, na bosi akamhamishia Riyadh, kwenye nyumba yenye sebule tatu na madirisha yasiyofunguka. Huko akaacha kula. Hakuwa mgonjwa wa kitu chenye jina. Kijiko cha mchuzi asubuhi, tende moja jioni, halas, basi. Daktari akaja, akaondoka. Akaja mwingine mwenye begi kubwa zaidi, naye akaondoka.

Idi ilipopita bosi akaja jikoni, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Nikisa," akaniambia, maana Nekesa lilimshinda, "tunampeleka mama Uispania, upande wa kaskazini. Kuna mvua na kijani kitupu. Labda hewa itampa hamu ya kula. Nawe unakuja."

"Naam, baba. Na Desemba yangu?"

Mnakumbuka nilimwacha mwanangu Wafula akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Mkataba wangu ulikuwa umeisha na kupitiliza, na kila nikiomba ruhusa ya kwenda nyumbani jibu lilikuwa moja: nani atakaa na mama?

Bosi akakuna ndevu. "Mama akirudi anakula, Desemba unakwenda kwenu. Nimeahidi."

"Anakula kiasi gani, baba?"

"Unauliza nini wewe?"

"Tende moja ni kula. Sahani nzima pia ni kula. Tuelewane sasa, tusije tukabishana uwanja wa ndege."

Bosi akacheka. Madam, mke wake, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Tukaelewana: sahani moja iliyojaa, kila siku, mpaka turudi. Nikamwomba aseme mara ya pili mbele ya madam, akasema. Sikupata karatasi, lakini nilipata shahidi, hata kama shahidi mwenyewe alikuwa amenikunjia uso.

Jeddah: unga wa Kandara

Tulikwenda Jeddah kwa gari ili Sitti amwone dada yake kabla ya ndege. Njia ni jangwa, jangwa, ngamia, kituo cha mafuta, jangwa. Sitti alilala muda wote, au alijifanya amelala ili asilishwe.

Tulipofika akaamka na kuomba tupite Ruwais. Bosi hakutaka, akasema barabara imefungwa. Sitti akamwambia, "Nimekuzaa mimi, na barabara hiyo niliijua kabla ya wewe kuijua." Tukapita. Nyumba yao ilikuwa imegeuka duka la mashine za kufulia. Sitti akashusha kioo.

"Bahari iko wapi?"

Bosi akamweleza kwamba walijaza mchanga, wakaisogeza, ikapita barabara kubwa. Sitti akapandisha kioo. Siku ile hata tende hakugusa, nami nikaiona Desemba yangu ikisogezwa pamoja na bahari.

Jioni, nyumba ya dada yake ikiwa imejaa wageni, nikaomba ruhusa niende Kandara, mtaa wa vyumba vya bei rahisi na vijiduka ambako watu wetu hupata vitu vya nyumbani. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nikienda ugenini wiki tatu bila ugali, atakayeacha kula ni mimi. Nikaelekezwa kwa mama mmoja Mzanzibari, Bi Mwanaisha, anayeuza unga nyuma ya duka la mashuka. Akataja bei. Mimi nikataja nusu yake.

"Haya we!" akasema. "Unga huu umepanda ndege, mwanangu. Weye hapa ulikuja kwa miguu?"

"Shangazi, hata wenye ndege wanashusha bei msimu ukiisha."

"Basi nenda ukanunue ndege." Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya pakiti, na mimi naujua mkono wa muuzaji anayetaka kuuza. Tulikwenda hivyo mpaka chai ikaletwa. Nikatoka na pakiti mbili kwa bei ya moja na kitu, na ushauri wa bure: "Huyo bibi yako mpe samaki. Mtu wa Ruwais hashibi kuku."

Nikamwambia Riyadh tulimpa samaki, Sitti akasema wamekufa mara mbili.

Madrid: kiti kilichobaki nyuma

Ndege ilitushusha salama, mizigo nikahesabu mara mbili, ikawa kamili. Kilichokosekana ni kiti cha magurudumu cha Sitti. Kijana wa kaunta akatuambia kiti kiko salama kabisa, ila kiko nchi nyingine. Tukangoja. Madam akanunua maji kwa bei ya soda na soda kwa bei ya nyama. Bosi akapiga simu hii na ile. Mwishowe wakatuazima kiti cha uwanja wa ndege mpaka mlango wa gari, na hapo wakakichukua.

Bosi akakodi gari kubwa tukaenda siku nzima. Mwanzoni nchi ilikuwa kahawia, nikasema moyoni, tumetoka jangwani tukaja jangwani. Halafu tukapanda milima, tukaingia kwenye wingu, na upande wa pili wa wingu ilikuwa Galisia, ule upande wa kaskazini.

Kijani chake si cha kuigiza. Ni kijani cha Mlima Elgon wakati wa mvua ndefu: miti, nyasi, kuta za mawe zenye kuvu, ng'ombe wamesimama kwenye manyunyu kama hawana habari. Halafu nchi inakatika ghafla, majabali yanashuka, na chini bahari inapiga kelele kama watu wanaogombania shamba. Sitti akafungua macho.

"Hiyo ni nini?"

"Bahari, Sitti."

"Hawakuijaza mchanga?"

"Nadhani mchanga ungekataa."

Kijijini: makaburi yenye miguu

Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Karme, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Yeye aliishi ng'ambo ya uwanja. Kiingereza alikijua kwa sababu alisafisha hoteli London miaka mingi. Aliponiona nabeba mizigo huku wengine wanabeba simu, akanielewa bila maelezo.

Taabu ya kwanza ilikuwa makaburi. Mbele ya kila nyumba pale kijijini kuna kijumba kirefu chembamba cha mawe, kimeinuliwa juu ya miguu ya mawe, na juu ya paa kuna msalaba. Madam akakataa kushuka garini. "Wamezika watu mlangoni!" Bosi naye akaanza kusoma dua. Mimi niliyezaliwa kando ya ghala nikaamini pia, nikainamisha kichwa kwa heshima ya marehemu. Karme akatutazama tulivyojipanga kwa huzuni, akafungua kijumba, akanitupia gunzi la mahindi.

Ghala! Wanangu, ghala la mahindi, na mawe bapa juu ya miguu ili panya asipande. Nilicheka mpaka Karme akacheka bila kujua sababu. Na nyuma ya ghala kulikuwa na bustani, na bustanini, namuapia Mungu, sukuma wiki. Shina refu kama la kwetu, majani mapana. Nilizunguka nikahakikisha mara mbili.

Taabu ya pili ilikuwa Sitti. Bila kiti hangeweza kutoka ndani. Karme akatoweka, akarudi na wilbaro aliloliosha na kutandika godoro la mtoto.

"Mama yangu!" bosi akasema. "Kwenye wilbaro! Watu watasema nini?"

"Watu gani?" Sitti akamjibu. "Unawajua hapa?" Akanyoosha mikono tumbebe. Ndiyo, Mama Kevo, ni kweli. Nilimsukuma kijijini kote, abaya yake nyeusi ikipepea, na wazee waliokaa nje ya baa wakasimama na kuvua kofia. Tukashuka mpaka ufukweni, nikavua viatu nimfikishe majini. Akachovya kidole akaonja.

"Yetu ina chumvi zaidi," akasema, kwa majivuno. Wimbi likachukua viatu vyangu vyote viwili, angalau halikuniachia kimoja.

Lakini kula, mafi, hakuna kabisa. Madam alileta mchele wake na sufuria zake kutoka Riyadh, nikapika kila nilichokijua. Sitti anaangalia, anashukuru, anasukuma sahani. Bosi naye akaanza kuniangalia kana kwamba ni mimi niliyefunga koo la mama yake.

Jikoni kwa Karme: kijiko

Siku moja mvua ilianza asubuhi na haikukoma. Karme akatualika jikoni kwake, kwenye moto. Bosi akamwuliza mlangoni, kwa adabu, kama kuna nyama ya nguruwe. Karme akasema hapana, hakuna nyama yoyote, ni supu ya mboga, viazi na maharagwe. Wakaingia. Mimi nikabaki nje nikifunika wilbaro, nikachelewa.

Nilipoingia nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miezi mingi. Sitti ameinama juu ya bakuli. Mvuke unampiga usoni. Bila kuombwa na mtu ameokota kijiko mwenyewe, amekijaza, anakipuliza. Bosi ameacha kutafuna, macho yamemlowa. Madam ameshika kifua. Desemba yangu ilikuwa ndani ya kijiko kile, inapanda.

Halafu nikavuta pumzi.

Sasa niwaambie. Watu wale hawajawahi maishani kusikia harufu ya nguruwe inayopikwa. Unaweza kuiweka chini ya pua zao wakaisifu. Mle jikoni, wenye kuijua walikuwa Karme, ambaye haikumshangaza, na mimi. Ilikuwa harufu ya bucha ya kona pale stendi, harufu ya Krismasi kwa mjomba Barasa.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, msinione malaika. Nilifikiri: hajui, na asiyejua hana dhambi. Nilifikiri: sahani moja iliyojaa. Nikamfikiria Wafula. Kijiko kikafika mdomoni.

Nikakirukia. Nilikipokonya kwa nguvu hata supu ikamwagika mapajani mwa madam, bakuli likaanguka likavunjika.

"Majnuna! Mwendawazimu!" bosi akanguruma. "Mama yangu anakula! Anakula, nawe unamnyang'anya!"

"Baba, kuna nguruwe."

"Amesema hakuna!"

Nikamgeukia Karme. "Mama, ndani kuna nguruwe?"

"Hakuna nyama," akasema, ameudhika, akitazama bakuli lake.

"Na mafuta?"

"Ah, mafuta. Mafuta ndiyo! Bila mafuta hiyo si supu, ni maji ya kuoga." Akanyoosha mkono darini, akatuonyesha kipande cha mafuta ya zamani ya nguruwe kimekunjwa kama mkeka, cha manjano. Kwake hiyo haikuwa nyama, kama vile chumvi si nyama.

Bosi akaangalia bakuli lake. Lilikuwa tupu, na lilikuwa la pili. Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili akatoka mvuani.

"Hukujua, huna dhambi!" Sitti akamfuata kwa sauti. "Sukutua mdomo!" Kisha akanigeukia polepole. "Wewe, Nikisa. Harufu yake umeijuaje?"

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. "Naijua tu, Sitti."

"Umeila?"

"Krismasi."

"Krismasi tu?"

"Na Pasaka. Na siku mjomba akilipwa pesa ya miwa."

Alianza kucheka kwa mabega. Kisha akacheka kwa sauti, akashika meza, machozi yakamtoka. "Allah," akasema, "Allah ameniokoa kwa mkono wa mla nguruwe!" Madam, na supu yake mapajani, naye akashindwa kujizuia. Sitti akafuta macho, akagonga meza kwa kidole.

"Mimi bado nina njaa."

Kwa neno lile sikungoja mtu aniambie yalla, haya twende. Nilivaa viatu vya Karme vya kuingilia zizini nikaingia bustanini. Karme akanifuata, bado ana kinyongo cha bakuli. Akasimama akaniangalia nikivunja majani ya chini na kuacha ya juu yaendelee kukua, kama mtu yeyote mwenye akili. Akaenda akaleta samaki wadogo aliokuwa amewaweka kwa chakula chake cha jioni, akanipa.

Nikapika katika sufuria ya madam: sukuma, samaki wa kukaanga, na ugali wa Bi Mwanaisha. Sitti akaubonyeza ugali kwa kidole. "Hii ni asida yetu ya unga," akasema, "ila imekasirika." Akala kwa mkono. Sahani ilipoisha nikamwita bosi aje aione. Alikuwa bado anasukutua.

Mlimani: Waselti

Baada ya siku ile tulianza kutembea kama watu. Kwenye gulio moja tulikuta akina mama wanachemsha pweza ndani ya mapipa ya shaba na kumkata kwa mkasi. Mimi, mtu wa bara, nilimhesabu miguu mara mbili, ikawa minane, nikasema sitakula kitu ambacho kikiamua kukimbia sijui kitaanzia mguu upi. Sitti akala wangu.

Siku nyingine tukapanda kilima juu ya bahari kuona mabaki ya kijiji cha kale. Kijana aliyetuongoza alieleza kwa majivuno kwamba hapo waliishi Waselti, na kwamba damu hiyo bado iko kwao. Kuna watu walikuwa wakipuliza zumari zenye mfuko wa ngozi, sauti kama mbuzi aliyepata habari njema na mbaya pamoja. Nyumba zilikuwa duara za mawe, zimebanana ndani ya ukuta mmoja mkubwa, na ukuta una lango jembamba ili adui aingie mmoja mmoja. Babu alinionyesha mahali kama hapo upande wa Elgon, ngome za Wabukusu wa zamani, duara na lango hivyo hivyo.

"Anasema nini?" Sitti akauliza kutoka kwenye wilbaro.

"Anasema hawa walikuwa kama watu wetu, Sitti. Waliogopa majirani."

Karme alikuwa amekuja nasi. Tukakaa kwenye ukuta, akanimegea mkate. Akaniuliza nina watoto. Nikamwambia mmoja, yuko kwa mama yangu.

"Mimi pia," akasema. "Alibaki kwa mama yangu pale chini. Nikajenga nyumba unayolala. Nzuri, eh?"

"Nzuri sana."

"Alikuwa akinifungulia mlango kila Agosti kana kwamba mimi ni mpangaji. Sasa ni mtu mzima, ana ndevu. Ananiita Karme." Akakung'uta makombo. "Hanichukii. Ananiita tu hivyo."

Nilitaka kumwuliza kama angerudi nyuma angefanya tofauti, lakini Sitti akaomba kushuka, ameshikwa na njaa.

Riyadh tena: mgomo

Tulirudi, na Sitti anakula sahani yake kila siku. Nikampa bosi muda wa kufungua mizigo, kisha nikamkumbusha.

"Nikisa," akasema, na aliposema kwa upole nikajua nimekwisha, "anakula kwa mkono wako tu. Ukienda ataacha. Tungoje mpaka mwakani."

"Baba, tulielewana."

"Tulielewana anakula. Ili aendelee kula, lazima ubaki."

Ona biashara hiyo. Nilikuwa nimeifanya kazi vizuri hata ikanifunga. Nikarudi chumbani kwa Sitti na chakula, uso wangu sikuuficha vizuri. Akauliza. Nikamwambia.

Alisukuma sahani. Jioni akasukuma nyingine. Kesho yake bosi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kula."

"Mtoto wake ana umri gani?"

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza. Hujui? Basi mpe karatasi yake ya ruhusa, akamwulize mwenyewe."

Alishikilia hivyo, mdomo umefungwa kama duka siku ya Ijumaa. Bosi hakujua kuhusu tende chini ya mto. Mimi nilijua, maana niliziweka mwenyewe. Siku ya tatu karatasi ikatoka: kwenda nyumbani, na kurudi kabla ya mwisho wa mwezi wa pili.

Webuye

Sasa Rodah, kuhusu ile simu. Ni Sitti. Wamemletea msichana mpya, mpole, anapika vizuri kuliko mimi. Sitti hali. Safari hii hakuna tende chini ya mto, nimeuliza. Bosi ameandika kwamba tiketi ipo, na kwamba ataongeza mshahara, na nilipomwambia aongeze zaidi akakubali bila kubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Bosi asiyebisha ana hofu ya kweli. Sitti mwenyewe hanisihi. Anaacha ujumbe wa sauti, ananiuliza mvua imenyesha, anauliza jina la mtoto, ingawa analijua. Sauti inazidi kuwa nyembamba.

Na Wafula, wiki ya kwanza alikuwa ananiita "yule mama wa simu." Juzi aliniita mama mara moja, akiwa usingizini, sijui alikuwa ananiita mimi au anamwita bibi yake. Sikumwamsha kumwuliza.

Mwezi wa pili uko karibu. Mama yangu amesema hatanishauri, ni maisha yangu. Mchungaji ameniambia niombe, nimeomba, na jibu silioni. Bei ya kila kitu naijua, hii peke yake imenishinda. Jumapili baada ya kanisa nakuja kwa Nanjala. Msinionee haya, na msiniambie "fanya unavyoona," maana sioni. Semeni: nirudi nikamlishe, au nikae?